Mama Nyuma ya Pazia, Ngozi Mbichi Miguuni

Mhariri, naomba jina langu na la kijiji changu vibaki kwako. Wasomaji wa ukurasa huu, hamjambo? Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Mmeru, mkulima wa kahawa na ndizi huku juu ya Kikatiti. Nina watoto wanne, wa mwisho bado mchanga. Ninaandika nikiwa na kichefuchefu, na safari hii si cha mimba.

Mwaka jana mume wangu alisikia kuna Mzungu wa shamba anayerudi kwao, anauza gari lake kwa bei nafuu. Lilikuwa gari dogo, viti viwili mbele, na nyuma bodi ya mbao tupu iliyokuwa ikibebea maziwa. Fedha yetu ya kahawa haikutosha. Mama yangu mzazi, mjane anayekaa Kikatiti, akauza ng'ombe wake wa maziwa akatuongezea. Ana kidonda mguuni kisichotaka kupona. Daktari wa mjini Arusha alishamwambia kisafishwe na kufungwa kila Jumanne, la sivyo mguu utakatwa. Basi la kutoka Moshi kwenda huko likifika Kikatiti huwa limejaa, naye hawezi kusimama. Akasema, "Nunueni, wanangu. Nami nitapata pa kukaa."

Tukaligeuza likawa gari la familia. Seremala wa Kaloleni akatuwekea mabenchi mawili nyuma na keria juu, mimi nikashona mito ya sufi. Likabaki jambo moja. Kwetu mwanaume hakai karibu na mama mkwe wake wala hamtazami usoni, na mama mkwe naye hamsemeshi mkwewe ovyo. Hata sisi tuliobatizwa tunalishika hilo. Basi nikanunua kitambaa cha marekani, nikashona pazia la kutenganisha mbele na nyuma. Mama akawa anapanda kwa mlango wa nyuma, mkwewe anaendesha bila kugeuka. Watu wa Kikatiti walicheka, wakaliita gari la bibi harusi. Sikujali. Nilijiona nimepata mume anayejua heshima.

Kwa ajili ya mtoto mchanga mimi nilikuwa nabaki nyumbani. Jumanne moja nikateremka kwa mama na mkungu wa ndizi, nikampikia, nikamngoja. Gari likafika. Kabla halijasimama vizuri nilisikia harufu, na nzi walikuwa wamelizonga. Nikafungua mlango wa nyuma.

Mama alikuwa amejikunyata pembeni mwa benchi, miguu ameipandisha juu ya rundo la ngozi mbichi za ng'ombe, zile zinazotoka machinjioni na mafuta yake na damu yake. Hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Bendeji aliyofungwa na nesi asubuhi ile, nyeupe, ilikuwa imelowa damu ya ng'ombe. Mito yangu ilikuwa inateleza. Nilitapika pale pale barabarani, sioni haya kusema.

Na mume wangu je? Alikuwa amekaa mbele, uso ameugeuzia upande wa pili, asije akamwona mama mkwe wake anashuka. Kwa heshima. Nilipomshusha mama, akaondoa gari kuzipeleka ngozi kwenye banda la kukaushia, la mtu aliyemlipa kuzibeba.

Jioni nilimuuliza. Akanijibu huku anakula, "Mama Eliya, petroli inanunuliwa. Gari lirudi tupu?"

"Halikuwa tupu. Mama alikuwa ndani."

"Kama aliona vibaya, mbona hakusema?"

Anajua kabisa kwamba mama hawezi kugonga lile pazia. Mila ile ile ninayoiheshimu ndiyo aliyoitumia kumziba mdomo mwanamke aliyeuza ng'ombe wake kwa ajili yake. Shukrani ya punda ni mateke, lakini punda hasingizii mila. Tangu siku ile nikimwona ananyoosha mkono kwenye sahani ya watoto, roho inanigeuka.

Nilimwambia mama nitampeleka mume wangu kwa mshili, mkuu wa ukoo wao, wazee wamhukumu. Mama akanishika mkono. "Mwanangu, ukilisema hilo mbele ya wazee, utakuwa umenivua nguo. Waseme mama mkwe alipakiwa na ngozi? Acha. Mimi sipandi tena, basi." Jumanne iliyofuata hakwenda kufungwa. Nimemsafisha mimi kwa maji ya chumvi, na kidonda kimeanza kunuka.

Sasa sikieni. Jumapili hii mtoto wetu anabatizwa, na mume wangu ameahidi kumleta mchungaji kwa gari. Juzi alilisugua kwa maji ya moto na majivu, akapiga mabenchi rangi, akaitupa mito ya zamani na lile pazia. Jana ameniletea marekani mpya. "Shona pazia na mito haraka," akasema. "Mtu kama mchungaji hawezi kupandishwa kwenye gari linalonuka."

Kumbe alikuwa anaisikia harufu.

Nikinyamaza, mama atapoteza mguu. Nikienda kwa mshili, nitamvunjia mama heshima aliyoniomba kwa machozi niitunze, na pengine hatanisamehe. Nikikataa kushona, nitaulizwa sababu mbele ya mchungaji na ukoo mzima, na sababu ndiyo ile ile nisiyoruhusiwa kuitaja. Marekani iko hapa mapajani, sijaikata. Mama ametuma salamu nisihangaike, eti Jumanne ataondoka alfajiri na fimbo yake, aende Arusha kwa miguu. Wasomaji, nyinyi mnaojua maana ya mama na maana ya mkwe, nishaurini, nifanye nini?