Baba Alipopanda Ndege

Kaka yangu ananunua dhahabu Geita na kuiuza Dar es Salaam. Kutoka Mwanza hadi Dar kwa ndege ni kama saa moja na nusu, na alipenda kututajia safari hiyo kila alipokuja Didia, kwa wazazi wetu.

Baba alipovimba tumbo, hospitali ya Shinyanga ilimpa rufaa ya Dar. Nilimwomba kaka ampandishe ndege, kwa kuwa barabara ingemtesa.

“Mzee wa jembe huyo,” alinijibu, mbele ya baba mwenyewe. “Atatapika, aniaibishe mbele za watu. Mpeleke kwa basi, mimi nitatangulia kuwapokea.”

Baba aliinamisha kichwa, akasema basi linamtosha.

Tuliondoka alfajiri. Kila tuta lilimfanya aume ncha ya koti lake asipige kelele, ila mguno ulimtoka. Abiria wa nyuma yetu alimwambia kondakta aongeze muziki, maana huyo mzee anawaharibia safari. Muziki ukaongezwa. Mchana, tukiwa Singida, kaka alinipigia.

“Nimeshafika. Nimeoga, nimekula. Nyie mko wapi?”

“Singida.”

Alicheka. “Bado Singida?”

Baba aliniuliza, “Mayu, keshafika?” Alizoea kuniita hivyo, kama vile mimi ndiye mama yake.

“Ndiyo, baba.”

“Kumbe si mbali,” alisema, akajaribu kuketi vizuri.

Hospitalini walimlaza, wakawa wanasubiri apate nguvu za kufanyiwa upasuaji. Hakuzipata. Alikufa asubuhi nikiwa nimeenda kumchemshia uji. Kaka hakuwa amemtembelea zaidi ya mara moja, na siku aliyokuja alisimama mlangoni, leso puani.

Msiba ndio uliomwamsha. Alinunua jeneza la vioo, akatangaza kwamba baba atarudi nyumbani kwa ndege. Nilimwomba nami nisafiri pamoja na baba.

“Nafasi ni yangu, mke wangu na wenzangu wawili wa biashara,” alisema. “Wewe basi umeshalizoea.”

“Basi mnisubiri, nimtupie hata udongo.”

“Tutakusubiri.”

Nikapanda basi la asubuhi. Tulipokaribia Nzega, mama mdogo alinipigia. Nyuma ya sauti yake kwaya ilikuwa ikiimba, na nilisikia majembe yakikwangua changarawe.

“Uko wapi mwanangu? Wanafukia sasa.”

“Mwambie kaka asubiri kidogo!”

Alikwenda, akarudi kwenye simu. “Anasema wageni wake wana ndege ya kuwahi.”

Nilifika giza limeingia. Kaka alikuwa ameshaondoka na wenzake. Majirani walinipa pole, kisha mmoja akaniambia, kwa nia njema kabisa, “Lakini baba yenu amebahatika. Katika kijiji hiki ndiye mkulima wa kwanza kupanda ndege.” Wengine wakaitikia. Walisema kaka aliwaeleza kaburini jinsi baba alivyoruka juu ya mikoa yote ile, bila tuta hata moja, na watu walimpigia makofi.

Mama alikuwa amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Nilipiga magoti, nikampa shikamoo. Aliuliza kama baba alilalamika njiani.

“Hapana, mama,” nilimwambia.

Nikafungua begi, nikampa lile koti. Alilipapasa mpaka akafika kwenye ncha iliyotafunwa, akalishikilia hapo, akanitazama.