Fundi Aliyeingia kwa Mlango wa Mbele

Waliojifanya wanajua mahali pazuri pa kula katika jiji lile walikuwa wengi, lakini mtu mwenye haja ya kweli alimpigia simu Fundi. Mawakili waliotaka kumlainisha mteja, wazazi wa bibi harusi, hata daktari mkuu wa hospitali ambaye tumbo lake lilikuwa la kudeka, wote walimwuliza yeye. Naye hakuwa mpishi. Alikuwa fundi wa majiko ya gesi, oveni na friji kubwa, na kwa miaka thelathini na minne alikuwa ameingia karibu kila mkahawa wa jiji, pamoja na ile ya miji mitatu ya mlimani juu yake, kwa mlango wa nyuma.

Huko nyuma hakuna vitambaa vya meza. Alijua nani anaosha sufuria na nani anazifuta tu. Alijua mpishi gani anaonja kwa kijiko kisha anakirudisha kijiko kilekile chunguni. Alipolala chali chini ya jiko na tochi mdomoni aliona mambo ambayo mwenye mkahawa hakuwahi kuyaona, na mengine yalimwona yeye kwanza, yakakimbia. Hukumu zake zilikuwa fupi. "Pale nenda, ila usiagize supu." "Pale mbele marumaru, nyuma kilio." Watu walimwamini kwa sababu hakuwa mtu wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa. Chakula kibaya alikiita kibaya mbele ya aliyekipika, na mpishi huyohuyo alimwita tena oveni ilipogoma.

Sasa sikia kituko. Mtu huyu hakuwahi kukaa kwenye meza ya mkahawa hata mmoja kati ya hiyo. Alipewa sahani jikoni, akala amesimama kando ya friji, akafuta mdomo kwa kiwiko akaenda zake. Na mkewe, ambaye habari hii inamhusu kuliko yeye, naye hakuwahi kupelekwa.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule ya bweni. Walikutana hapo, asubuhi ambayo jiko la shule lilizima na wanafunzi mia nne wakawa wanangoja chai kabla ya mtihani. Fundi alipomaliza kazi, yule dada alimpa kikombe, akaonja na chake, kisha akamgeukia msaidizi wake. "Maziwa haya yamechemshwa jana." Msaidizi akakana. Akabanwa kidogo, akakiri. Tangu siku hiyo Fundi alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye alioa ulimi, na mwenye ulimi akaja pamoja nao.

Kwa miaka ishirini na tisa mama yule alipika katika masufuria ambayo ungeweza kumwogesha ndani yake mtoto wa darasa la tano. Alikula wa mwisho, amesimama, kama mumewe. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema waziwazi tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

"Nataka siku moja nikae, niletewe. Nisijue kitunguu kakata nani. Nikae dirishani, nile, niinuke, niache sahani palepale."

"Nitakupeleka," Fundi alimwambia. "Ila nipe muda nikutafutie mahali pazuri kweli. Mahali ambapo hata wewe hutaona kasoro."

Na alitafuta, hilo tusimnyime. Mkahawa wa karibu na mahakama ulikaribia kabisa, mpaka alipoinua kifuniko cha mfereji wa maji machafu. Ule wa kituo cha treni ulikuwa msafi, lakini mpishi wake alikuwa na lile tatizo la kijiko. Katika mji wa kwanza wa mlimani, ule wenye soko, palikuwa na mama mmoja aliyeoka mkate uliomfanya Fundi asahau bisibisi zake mezani. Akapanga kumpeleka mkewe mwezi uliofuata, na mwezi uliofuata mahali pale palikuwa pameuzwa. Katika mji wa kati samaki walinukia vizuri, lakini Fundi alitazama barafu ya friji akajua kwamba iliyeyuka wiki ile na kuganda upya. Kila mara alirudi nyumbani na ripoti. "Mama watoto, nilidhani nimepata, kumbe wapi."

Mkewe alikuwa akicheka. "Baba, mimi sitakaa jikoni kwao. Mimi nitakaa dirishani."

Fundi alidhani anatania. Hakuwa anatania.

Tena kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu. Mikono yake. Grisi ilikuwa imeingia kwenye kucha na mistari ya viganja, haikutoka kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa, na kila alipofikiria kitambaa cheupe cha meza, aliiona mikono ile juu yake. Aliona mhudumu akimjia haraka na kumnong'oneza, "Fundi, pita nyuma." Mtu aliyeingiza mkono kwenye oveni bila kuuliza kuna nini ndani aliogopa kuvutiwa kiti! Mimi namwonea huruma kwa hilo, ila simwachilii. Mkewe hakuwa na habari na mikono hiyo, alishaizoea.

Kisha, miaka sita kabla ya siku ninayotaka kuisimulia, akapata. Ilikuwa katika mji wa juu kabisa, ambako barabara hujikunja mara kumi na saba kabla ya kufika na ukungu huingia hadi madukani. Mkahawa ulikuwa mdogo, meza kumi, na dirisha moja refu lililotazama bonde. Mwenyewe alikuwa mjane mmoja mrefu, mkavu wa maneno, na wapishi wake wawili walimtii kama askari. Vijiko vya kuonjea vilikaa kwenye kopo lao, na kila kilichotumika kilikwenda kuoshwa. Raba za milango ya friji zilikuwa zimefutwa mpaka kwenye mikunjo. Fundi alitafuta kasoro saa mbili nzima, akatoka mikono mitupu. Siku hiyo aliendesha gari kuteremka mlima akipiga mluzi.

Lakini badala ya kumpeleka mkewe Jumamosi ile, akaanza kumwekea siku nzuri zaidi. Binti yao aolewe kwanza. Baridi ipite. Astaafu shuleni, ndiyo itakuwa zawadi yake. Akastaafu, na Fundi akasema gari litengenezwe breki kwanza kwa ajili ya zile kona. Miaka sita ikaenda hivyo, mmoja baada ya mwingine, na yeye akiamini kabisa kwamba ameshatimiza sehemu ngumu.

Mwaka huu, mwezi wa kwanza, mkewe alimkuta akipanga spana zake barazani.

"Baba watoto. Twende kule juu mwaka huu. Na usiufikishe mwisho."

"Kuna nini mwaka huu?"

"Hakuna kitu. Nataka tu."

"Tutakwenda. Nina kazi ya jiko la hospitali, nikiimaliza tu."

Alimtazama kidogo, kama mtu mwenye la kuongeza, kisha akainama akamwokotea spana iliyoanguka.

Kazi ya hospitali ilikula miezi mitatu, na nyingine ikaingia mgongoni mwake. Katika miezi hiyo chakula cha nyumbani kikaanza visa. Leo supu ina chumvi ya kukunja uso, kesho haina hata punje. Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kusema ukweli kuhusu vyakula vya watu, hakujizuia. "Mama, leo mkono umeteleza?" Mkewe akajibu, "Uzee, baba," na kumletea maji. Siku moja alimwona amesimama kwenye ua akimwonjesha jirani mchuzi kwa kijiko. Akacheka peke yake. Akadhani ni mambo ya wanawake na umbea wao.

Liko jambo moja ambalo angetoa chochote alifute. Shemeji zake walikuja kula, mezani watu saba, na kabla hawajagusa chakula Fundi akainua jagi. "Jamani, jazeni maji kwanza. Mpishi wetu kastaafu, siku hizi chumvi inajiingilia yenyewe." Wakacheka hadi meza ikatikisika. Mkewe naye akacheka, akakusanya sahani, akakaa jikoni muda mrefu kuliko sahani zile zilivyohitaji. Hakuna aliyemfuata.

Walikwenda mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, mchana. Mkewe alivaa gauni la bluu aliloshonea harusi ya binti yao. Fundi alisugua mikono kwa brashi mpaka ikawasha. Walipofika juu, akazungusha gari na kuliegesha palepale alipoliegesha siku zote, karibu na mitungi ya gesi.

"Baba," mkewe alisema, "leo mlango wa mbele."

Wakazunguka nyumba kwa miguu. Hakuna aliyemwambia apite nyuma. Dada mhudumu alimvutia mama kiti cha dirishani, naye akakaa taratibu, akaiweka mikono juu ya kitambaa kana kwamba anajaribu kitanda cha mgeni. Nje ukungu ulikuwa umepasuka kidogo na mapaa ya jiji yalionekana chini kabisa. Alikuwa na furaha. Fundi aliiona, akaona pia jinsi ilivyokuwa rahisi: kona kumi na saba na kiti kimoja. Akajisikia mpumbavu.

"Unaonaje?" akamwuliza.

"Kimya kwanza," mkewe alisema, akitabasamu. "Naletewa."

Jikoni, habari zilishafika kwamba Fundi ameingia kwa mbele na mkewe. Mjane mwenyewe alifunga aproni. Supu ya mboga ikaletwa kwenye mabakuli meupe, moto, na kipande cha limau pembeni. Fundi akachota kijiko cha kwanza.

Ilikuwa chumvi tupu. Haikuwa imezidi kidogo, ilikuwa ya kukauka koo, hailiki. Katika maisha yake yote ya jikoni hakuwahi kukutana na supu kama ile, na kwamba imetoka kwenye jiko hili hakuamini. Akaweka kijiko chini, akafungua mdomo kumwita mhudumu.

Mkewe alikuwa anakula. Alichota, akapuliza, akameza, akachota tena, bila haraka, amefumba macho nusu kama afanyavyo mtu anayependa anachokula. Alikamulia limau. Akala tena. Yule aliyejua maziwa ya jana kwa funda moja la chai.

"Nzuri, baba," alisema. "Nzuri kweli. Na chumvi yake imekaa sawasawa."

Fundi akaufumba mdomo. Yakamjia yote kwa mpigo: mchuzi wa nyumbani, kijiko cha jirani, jagi la maji, shemeji wakicheka. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona mbele ya mlango wowote wa mbele.

Mjane alitoka jikoni mbiombio. Mpishi wa kwanza alishatia chumvi, wa pili akatia, naye mwenyewe akatia, kila mmoja akitaka mkono wake uwemo katika chakula cha Fundi, na alikuwa ameonja chungu dakika ile. Uso ulimshuka. "Fundi, hiyo supu..."

"Imekaa sawasawa," Fundi alisema. Akachukua kijiko akala, na kula, mpaka bakuli likabaki jeupe. Ulikuwa uongo wake wa kwanza juu ya chakula, na aliutoa macho makavu.

Mjane akamtazama yeye, akalitazama bakuli la mama, akarudi jikoni polepole. Mama alimfuata kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Akaletewa kuku wa kuoka na viazi, akala vyote. Mwisho akakunja kitambaa chake, akainuka, akaacha sahani palepale.

Kwenye kona ya tatu, wakiteremka, ndipo mkewe alipozungumza.

"Ilikuwa na chumvi kiasi gani?"

Fundi akashika usukani kwa mikono yote miwili. "Nyingi, mama."

"Nilijua. Mpishi aliyeharibu chungu namtambua kwa mwendo." Akacheka kidogo, na kicheko hakikufika mbali.

"Tangu lini?"

"Tangu ile homa ya mwaka jana. Daktari alisema huenda ladha ikarudi, huenda isirudi. Kwanza ilikwenda kahawa. Halafu vitunguu, halafu chumvi. Mwezi wa kwanza nilikuwa bado nalipata limau. Na mkate, ukiwa umetoka kwenye oveni saa ileile."

Mwezi wa kwanza. Fundi aliziona spana zake zimepangwa barazani, kubwa hadi ndogo, na yule mama ameinama kumwokotea moja.

"Mbona hukuniambia?" alisema. "Wallahi ningekupeleka siku ileile."

Mkewe alikuwa ameegemea dirisha, akitazama mahali ambapo jiji lilikuwa limeshafunikwa na ukungu.

"Hapana, baba," alisema, bila ukali wowote. "Ungesema tungoje kwanza nipone."

Fundi akapunguza gia kwa ajili ya kona iliyofuata. Ndivyo hasa ambavyo angesema.