Mtani wa Kitanda cha Juu

Kila michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, inapochemka hapa kwangu Isevya, nakumbuka kambi. Si gwaride wala makelele ya maafande. Hayo na yaende zake. Nakumbuka bweni letu lililonuka kiwi na soksi, na Mzaramo aliyelala kitanda cha juu yangu.

Mimi Mnyamwezi wa Puge, yeye Mzaramo: watani tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu kwa miguu hadi pwani. Alinitukana tangu siku ya kwanza. Mama aliponiletea michembe, Mzaramo alisema ni magome ya miti, kisha akala nusu. Nami nilimwita mvivu wa kuzaliwa. Hatukukasirikiana hata mara moja, maana mtani hakasirikiwi.

Jumapili moja tulikuwa tunang'arisha buti. Wenzetu walionyeshana picha za wachumba, zamu ikanifikia. Wa kwako yuko wapi? Nilikuwa nimechoka kubuni binti wa Igalula ambaye kila mwezi nilimbadilishia jina. Nikasema, "Sina. Mimi napenda wanaume."

Brashi zote zikasimama juu ya buti. Nilijua nimekwisha: nitafukuzwa, na mama atasikia kijijini. Ndipo Mzaramo akaangua kicheko.

"Msikilizeni mtani wangu! Jana kaniambia yeye chifu, leo ananiposa! Mahari yenyewe michembe? Sitaki!"

Wakacheka wote. Nami nikacheka.

Basi nikalitumikia jeshi bila kujificha. Kila nilipoulizwa nilijibu ukweli uleule, nao wakashika mbavu. Mwanzoni nilifurahi, nikajiona mjanja. Baadaye nikaanza kuchukia kile kicheko. Nilitamani mtu mmoja, mmoja tu, aniamini. Lakini sikuthubutu kumuuliza Mzaramo. Akisema alidhani natania, nitabaki peke yangu. Akisema alijua, huenda nikampoteza. Nikanyamaza, tukaendelea kutukanana, na sijawahi kupata tena raha kama ile.

Mwaka wa pili akahamishiwa pwani. Nilimsindikiza stesheni asubuhi, nikingoja anitukane kwa mara ya mwisho. Alipokawia, nikaanza mimi.

"Nenda zako, mvivu we. Hata treni itachoka kukubeba."

Hakucheka. Aliweka begi chini, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Ndugu yangu," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo, "siku ile nilikusikia. Niliwachekesha wale ili wasikusikie wao."

Abiria walitupita na mizigo yao, na mhudumu alikuwa akiwahimiza wapande.

"Sasa mimi naondoka," akasema. "Usiwaambie tena. Hakuna atakayewachekesha tena kwa ajili yako."

Akapanda. Nililia pale pale stesheni, mbele za watu, na kombati yangu mwilini.