Kigelegele Katikati ya Wimbo

Baada ya kumzika mke wangu, sauti yake iliendelea kunijia kutoka nyumba za majirani. Sisemi kwa mafumbo. Huku kwetu Gatwekera, mtaa wa vibanda vya mabati, ukuta wa mmoja ndio ukuta wa mwingine, na jirani akifungulia muziki, unakula nao na kulala nao. Nilikuwa nikikaa mlangoni nikigonga bati, maana kazi yangu ni kutengeneza majiko ya makaa, halafu upande wa mtaroni saksafoni inaanza. Wimbo ule niliujua hata kabla haujashika vizuri. Naweka nyundo chini. Saksafoni inapanda, ngoma zinaifuata, nyuzi za nyatiti zikizunguka katikati, kisha vyote vinakatika kwa pamoja. Kimya. Na ndani ya kimya hicho mke wangu anapiga kigelegele.

Halafu ngoma zinarudi, na mimi nakaa pale nikiangalia mikono yangu.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha vijana wa huku kwetu, enzi hizo wakiwa vijana. Walikuwa wakifanya mazoezi Kawangware. Walichukua jazi, wakaichanganya na nyatiti na ngoma za harusi na chochote kingine walichokisikia dirishani. Wasomi walikuwa na jina la muziki wa namna hiyo. Sisi tuliuita muziki wa kuchanganya, tukatosheka. Watu waliupenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Namjua mwanamke ambaye kibanda chake kilishika moto, na kitu cha kwanza kukimbia nacho kilikuwa spika.

Wimbo ule ulirekodiwa Jumapili moja mchana katika ukumbi wa Kawangware, watu wakiwa wamejaa hadi madirishani. Mke wangu ndiye aliyenivuta kwenda. Hakuwa amewahi kusikia muziki unaosimama katikati ili uvute pumzi. Kwetu ziwani wimbo ukinyamaza umekwisha, na ukikupendeza unawashukuru wapigaji. Basi uliponyamaza, yeye alisimama akapiga kigelegele, kile tunachokiita sigalagala, kirefu, ulimi ukicheza hadi mwisho wa pumzi. Peke yake. Ukumbi mzima ukacheka. Mpiga saksafoni alikuwa ameshamtazama na kuvuta pumzi kabla hajamaliza, akamjibu kwa saksafoni kigelegele kile kile, na hapo wimbo ukawaka kama moto uliomwagiwa mafuta ya taa.

Tangu siku hiyo kikundi kiliacha nafasi ile wazi kila kilipopiga, na wanawake waliisubiri. Lakini kwenye rekodi ni yeye.

Nilichokumbuka mimi ni kwamba aliona aibu. Alikaa chini akajifunika uso na kitambaa cha kichwa. Hivyo ndivyo nilivyobaki nikimwona: mwanamke aliyekosea mbele za watu, na mumewe kando yake hana la kusema. Hatukulizungumza sana. Miaka ilipita, akaugua kifua, na wakati wa mvua ya masika akafariki. Mpiga saksafoni alikuwa ametangulia. Bila yeye kikundi kilipiga mara moja au mbili, kisha kikaacha.

Sina rekodi nyingine ya sauti yake. Simu zetu zilikuwa zile ndogo za tochi. Nina picha ya kitambulisho, ambamo amekasirika kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, na nina ule wimbo ambao wangeweza kuufungulia wengine wakati wowote bila kuniuliza. Niliomba Mungu ukome. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoomba.

Ukakoma.

Mpiga besi wa kile kikundi, ambaye bado anaishi Kawangware, alizitoa upya nyimbo zote, zimesafishwa, ziingie kwenye simu za watu. Asubuhi moja jirani akaufungulia. Niliweka nyundo chini kama kawaida. Saksafoni ikapanda, vyote vikakatika, kikaja kimya, na kimya kikabaki kimya. Kisha ngoma zikarudi. Nilifikiri masikio yangu yana kasoro. Nikaenda kumwomba kijana aurudie, na aliurudia, akidhani naupenda sana. Hakuna. Alikuwa ametolewa, safi, kama doa kwenye shati.

Nilidhani nitapumzika. Badala yake nilianza kwenda nyuma ya nyumba za watu kusikiliza kama kuna yeyote aliyebaki na ile ya zamani. Zilikuwa kwenye kanda na memori kadi, na vitu hivyo huharibika. Kuna wiki nilijaribu kumsikia kichwani nikashindwa. Nilisikia tu ile nafasi. Hapo ndipo niliogopa.

Kuna wapenzi wa kile kikundi wanaokutana Jumapili mchana karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 56, uani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka ndiye mwenye ploti, na ni mmoja wao. Nilikuwa nikienda huko kwa miguu, nikikaa kwenye mifuko ya simiti na kusikiliza. Hawakujua mimi ni nani. Hawakuwa wameniuliza, na mimi si msemaji. Jumapili iliyofuata nilikuta uani kuna kelele.

"Manze, wamemtoa mathe!" Huyo alikuwa kinyozi, kijana ambaye hata hakuwa amezaliwa siku ya ukumbi. "Wamemtoa mathe wetu!"

"Wenu tangu lini?" mwenye ploti akamjibu. "Yule alikuwa mama wa hapa Kawangware. Alikuwa anauza viazi karibu na shangazi yangu."

"Viazi!" akasema mama mmoja anayeuza mitumba, yule wa spika na moto. "Wewe kila mtu mzuri alikuwa jirani ya shangazi yako. Yule ni wa Makina, mtaa wa harusi. Sikiliza ule ulimi. Huo ni ulimi wa harusi, umefundishwa."

"Makina wapi? Yule ni Mluhya kabisa," kinyozi akasema. "Amepiga kama mtu ameona kuku anachinjwa."

Walicheka hadi mwenye ploti akakohoa. Mimi pia nilicheka kidogo, kwa sababu kuku mke wangu alimpenda kweli. Kisha mama wa mitumba akaacha kucheka.

"Mimi nilizika mtoto wangu na ule wimbo," akasema. "Nilikuwa nikifika pale mama anapopiga, najua bado naweza kusimama. Sasa nikifika pale naanguka tu kwenye shimo. Mtu aende amwambie huyo mpiga besi."

"Enda wewe," mwenye ploti akasema. "Mdomo unao."

"Naenda. Na siendi peke yangu." Akaangalia huku na huku, macho yakanifikia. "Mzee, si wewe hukaa tu? Twende. Utakuwa shahidi."

Mpiga besi alitukaribisha kwenye chumba chake, magodoro yameegemezwa ukutani kuzuia sauti. Alikuwa mtu wa rika langu, mwembamba, na alitupa viti vyote viwili akabaki amesimama. Mama wa mitumba alimweleza shida yetu yote bila kupumua. Alisikiliza. Kisha akasema, "Mama, si kwamba sikumpenda yule mama. Ngoja nikuonyeshe kitu."

Akainama kwenye kompyuta akatupigia ile sehemu, kubwa sana. Saksafoni ikapanda, vyote vikakatika. Akanyoosha kidole juu. Ndani ya kile kimya nikasikia mtu akivuta pumzi. Ndefu, kwa mdomo, na mwishoni ulimi ukigusa mdomo wa saksafoni. Kisha akapuliza.

"Ni yeye," akasema. Akairudisha, akaipiga tena. "Nilicheza karibu na huyu mtu maisha yangu yote. Kupuliza kwake kuko kila mahali. Lakini pumzi yake iko hapa tu. Kwingine kote kuna ngoma juu yake. Hapa kulikuwa na kigelegele juu yake. Nilipozima ile maiki ya kunasa sauti za watu ukumbini, akatokea."

Mama wa mitumba aliinama kuelekea spika. Akasema, kwa sauti ya chini, "Woi. Pole." Halafu, kwa sababu ndivyo alivyo, "Lakini na sisi?"

"Ile maiki ilikuwa imening'inizwa juu ya viti. Ni fujo tupu, mama. Sikia mwenyewe." Akazima vingine vyote, akaacha hiyo peke yake.

Viti vikiburuzwa. Mtu akikohoa. Mtoto. Muziki ukiwa mbali kama uko nyumba nyingine. Ukanyamaza, na mke wangu akapiga kigelegele ndani ya chumba kile, karibu kuliko alivyowahi kunijia kupitia ukuta wowote. Watu wakacheka. Kisha, chini ya kicheko chao, kwa lugha yetu, akasema, "Kumbe haijaisha!"

Na mwanamume akamjibu, "Bado. Kaa chini."

Sikumbuki kusema hivyo. Hata sikuitambua sauti yangu mara moja, ilikuwa nyepesi. Lakini baada yake alicheka, na kicheko nilikitambua. Kilikuwa kile cha nyumbani, kinachoanza puani na kumshinda hadi aegemee kitu. Aliniegemea mimi, nafikiri, maana kuna mkwaruzo wa nguo. Kile kitambaa alichojifunika nacho usoni, alikuwa akifichia kicheko. Hakuwa ameona aibu hata kidogo.

"Anasema nini?" mama wa mitumba akauliza.

"Anasema kumbe haijaisha," nikasema.

"Kumbe unasikia Kijaluo! Basi si wa Makina." Akageuka kunipiga begani, akaniona uso. "Mzee? Ni mtu wenu?"

"Ni mke wangu."

Mpiga besi alisimamisha ile mashine. Nje mtu alikuwa anaita abiria.

"Jumapili zote hizo umekaa kwenye simiti," mama wa mitumba akasema. "Sisi tukibishana mbele yako viazi, sijui kuku! Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea vizuri."

Alijifuta macho na kiganja, kwa hasira, kama anayenidai.

Mpiga besi alikuwa akiangalia sakafu. Nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua anachongoja. Alitegemea niombe mke wangu arudishwe, na angeona vibaya kunikatalia, na akikubali angempoteza mtu wake. Nafasi ilikuwa moja na wafu walikuwa wawili. Nilifikiri hata niseme aache tu, nirudi nyumbani. Ningeweza kumwomba kile kicheko tu, nikaenda nacho. Lakini ile pumzi ilikuwa imenikaa masikioni, na kuna kitu ndani yake kilinisumbua.

"Hebu piga tena pumzi ya mwenzako," nikasema.

Akapiga. Pumzi, ulimi, akapuliza.

"Nilikuwa nimekaa pale," nikamwambia. "Nilimwona. Alimwangalia mke wangu, ndipo akavuta hiyo pumzi. Alikuwa anavuta ili amjibu. Sasa ukimtoa yeye, huyu anamjibu nani?"

Aliivua miwani akaishika.

Kisha mpiga besi akavuta kiti cha plastiki kutoka nje mlangoni, akakiweka karibu na changu mbele ya kompyuta. Akaifungua ile maiki ya watu, kidogo sana. Akapiga. Pumzi ilisikika, na juu yake kitu kama mbu.

"Hapo?"

"Hapo hayuko," nikasema. "Panda."

Akapanda. Mke wangu akaja, na pumzi ikazama.

"Umenimalizia mtu wangu," akasema. "Nashuka kidogo."

"Shuka, lakini usimfunge mdomo."

Tulifanya hivyo hadi chai aliyoletewa ikafanya utando juu. Panda, shuka. Mama wa mitumba akawa hakimu. "Mzee, wacha uchoyo, huyo mwingine amepotea." "Na wewe baba, mpe mama wa watu nafasi." Mwishowe tukafika mahali ambapo kigelegele kilipita kama kinatoka dirisha la mbali, na chini yake ungeweza kumsikia mtu akivuta pumzi, ukijua pa kusikiliza. Mpiga besi aliondoa mkono kwenye mashine taratibu. Tuliona tu kwamba ni hapo.

Maneno yetu na kile kicheko hakuviweka kwenye wimbo. Aliniuliza, nikasema hapana, hivyo vilikuwa vya nyumbani. Alinipa kwenye memori kadi. Sijavisikiliza tena.

Wimbo ulitoka upya, na huku Gatwekera wameushika huo. Kinyozi analalamika kwamba mathe amepunguzwa sauti. Ni kweli. Unapofika pale naweka nyundo chini, na yuko, ila amesogea. Si jirani tena upande wa pili wa ukuta. Anasikika kama mtu aliyeingia chumba cha ndani kuchukua kitu, akaniitia kutoka huko, na mara mbili nimegeuka nikataka kumfuata. Nyumba yetu ina chumba kimoja.