Baba Inspekta Mbele ya Ukumbi wa Area 18

Chama chetu cha wakuu wa shule pale kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kilianzishwa na mtu mmoja. Alikuwa inspekta wa shule za msingi Bukavu, Kongo, kabla ya vita kumfikisha Malawi. Kambini hakuna aliyempa cheo chochote, lakini sote tuliendelea kumwita Baba Inspekta. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ndogo ya jumuiya. Jumamosi tulikutana kanisani, tukazungumza mambo ambayo mkuu wa shule hawezi kuyasema mbele ya walimu wake: mwalimu anayekuja amelewa, baba anayetaka kumwoza binti yake, watoto waliowasili juzi ambao hawajui Kiingereza wala Chichewa.

Katikati ya wiki alizunguka shuleni kwetu. Aliketi nyuma kabisa, miguu yake mirefu imekunjwa, magoti yakigusa kidevu kwenye kibenchi cha watoto, akasikiliza mpaka mwisho. Hakuwahi kumsahihisha mwalimu darasani. Tulipotoka nje ndipo aliponiambia, "Mama Direktris, ule mwalimu iko na akili, lakini sauti yake inaogopesha batoto. Umuambie polepole."

Kisha wasimamizi wa shule wa Lilongwe, ambao nao wana chama chao, wakatualika kwenye mkutano wao katika mtaa wa Area 18. Walitaka mmoja wetu aeleze namna ya kumpokea mtoto aliyekimbia vita. Hatukuhitaji kupiga kura; sote tulimtaja Baba Inspekta. Ila mkewe alinifuata sokoni, akanishika mkono.

"Dada, siku hizi anasahau. Ukae karibu yake."

Nilikaa naye safu ya mbele. Zamu yake ilipofika alipanda jukwaani, akasimama wima ndani ya koti lake la kijivu, akaanza kwa Kiingereza chake cha taratibu. Alieleza kuhusu mtoto asiyesema neno muhula mzima, na kwamba mwalimu asimlazimishe, amuite tu kwa jina lake kila asubuhi. Watu waliandika. Nikaanza kupumua.

Ghafla akanyamaza. Aliwatazama waliokaa mbele yake, mmoja baada ya mwingine, uso ukawa wa bosi aliyekasirika. Akasema maneno machache ya Kifaransa, halafu Kiswahili chetu.

"Na we, direkteri wa Kadutu. Juu ya nini shule imefungwa? Batoto iko wapi?"

Akasubiri jibu. Akamgeukia mwingine, akataja shule nyingine. Akasubiri tena. Baadhi ya shule hizo za Bukavu nilizijua. Nilijua pia wakuu wake, na wapi walizikwa wale waliopata bahati ya kuzikwa.

Mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye kitenge cha bluu, aliniinamia. "Anauliza nini?"

"Anawauliza watoto wako wapi," nikamjibu.

Akapanda jukwaani, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. "Zikomo kwambiri, bambo," alimshukuru kwa Chichewa, akamrudisha kwenye kiti kama anavyorudishwa mgeni wa heshima. Hakuna aliyecheka. Wala hakuna aliyepiga makofi. Nadhani hawakujua kama ingefaa.

Mchana tulikula nsima, ugali wa huko, uani. Yeye hakugusa sahani yake.

"Bote balinyamaza," aliniambia. "Hata mumoja hakujibu."

Nilimsaidia kuinuka, tukaenda kutafuta basi la kurudi Dowa, kambini kwetu.

Hakuja tena kwenye mikutano. Chama kilinichagua mimi kushika nafasi yake, na sasa ni mimi ninayezunguka shuleni katikati ya wiki. Mwanzoni nilipitia kwake kumpa habari. Mkewe alimtoa nje, akamketisha juani karibu na ukuta. Siku moja mzee alinitazama kwa adabu, kama mtu anayempokea mzazi ofisini.

"Karibu, mama. Ulileta mutoto?"

Mkewe akainamisha kichwa juu ya maharagwe aliyokuwa akichambua.

"Ndiyo, Baba Inspekta," nikasema.

"Darasa imejaa," akasema, akafikiri kidogo. "Lakini umulete. Tutamutafutia pa kukaa."

Alifariki mvua zilipoanza. Yule mama wa Lilongwe alikuja mazikoni na wenzake wawili, viatu vyao vikazama kwenye tope pamoja na vyetu. Aliniuliza kama marehemu aliwahi kupata jibu la swali lile la watoto. Nikatikisa kichwa, tukasimama pale tukisubiri wachimbaji wamalize.