Chumvi ya Mama Mkwe

Muuguzi wa hapa Kasongo alipomwambia mume wangu kwamba tansio yake, yaani presha ya damu, imepanda, ameze kidonge kila asubuhi na apunguze chumvi kabla moyo haujachoka, ukoo wake ulipata dawa upesi: kunilaumu mimi.

Nilitii. Sombe, majani ya muhogo, nikaipika kwa mawese kidogo na vitunguu, samaki wa chumvi nikawagawia majirani. Mume wangu alikula na uso wa mtu aliyefiwa. Lakini kipimo kilianza kushuka, nami nikajiona daktari.

Ndipo mama yake akaja kwa pikipiki kutoka Wamaza. Alionja tonge moja tu, hakusema neno, maana ni mwanamke mwenye adabu. Alitoka nje akawaeleza majirani, kwa heshima zake zote, kwamba mwanawe hatakiwi tena. Kwao mke akimchoka mume huanza kwa kumnyima chumvi. Kumbe nilikwisha kumwacha mume wangu, na habari sina!

Tangu siku hiyo alifunga chumvi kwenye ncha ya kitenge chake. Nikigeuka tu, sahani ya mwanawe inanyunyiziwa mapenzi ya mama. Ningemkataza vipi, nami nimekwisha kuitwa mke aliyemchoka mume? Mwana mwenyewe, baba wa watoto wanne, hakuona kitu. Eti alikuwa anawatazama mbuzi.

Haukupita muda kichwa kikaanza kumgonga na macho kuona ukungu. Nilimpeleka kituo cha afya, mama mkwe nyuma yetu, ahakikishe simmalizi njiani. Kipimo kilikuwa juu kuliko mara ya kwanza. Hapo niliogopa kwelikweli. Kejeli zote zilinikaukia mdomoni. Nikamweleza muuguzi habari ya chumvi ya kitenge.

Muuguzi hakumgombeza mama mkwe. Alimfafanulia taratibu kwamba tansio ikiachwa huumiza moyo, na siku nyingine hupasua mshipa wa kichwani: mtu mzima kabisa huanguka ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukafa.

"Mudomo inapinda upande moya?" mama mkwe akauliza.

Muuguzi akasema ndiyo, mara nyingi huwa hivyo.

Mama mkwe akakaa kwenye benchi. Alimtazama mwanawe, akasema, "Baba yake alianguka vile, mu shamba. Na sisi tulisema ndugu mudogo ya baba iko mulozi, alimuroga, tukamufukuza. Iko kule Salamabila mupaka leo."