Nihamishe Kazi Yake, Jina Lake Nilifute

Asalaam aleikum admin, jina langu nifichie. Mie ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, mzaliwa wa mji wa Nizwa, wazee wangu wametoka Unguja. Naandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo hapa hapa Nizwa. Siku hizi hata chai siimalizi, nakaa nasimama.

Kazini nilikuwa na shoga yangu, nimwite Zuwena, mtu wa Ibra. Yeye ndiye aliyetengeneza sehemu ya kugawa zamu za maji ya falaji, ile mifereji ya kumwagilia, kwa wenye mashamba. Mmoja anauza zamu yake, mwengine anarithi, na hesabu haikosei. Mama yake akapata kiharusi, Zuwena akaacha kazi akarudi kwao kumuuguza.

Sasa wenye mashamba wa huko Samad wameitaka programu hiyo. Mudiri, mkubwa wetu wa kazi, akaniambia, "Wafungulie ripo mpya. Chukua mabadiliko ya zamu za maji tu, historia iliyobaki iache." Ripo ndipo tunapoweka programu, na kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya. Sikuona ubaya, maana ile ya zamani ina mambo ya wateja wengine. Nikachagua yanayohitajika, nikayahamisha moja moja, na kila moja likaja na jina la Zuwena.

Mudiri akafungua, akalisoma lile jina. "Huyu kwa nini bado yumo? Mteja akimwona atamtafuta yeye. Weka jina lako, na mradi utausimamia wewe."

"Lakini kazi kaifanya yeye."

"Kaifanya akiwa kwetu. Khalas, Jumapili nakabidhi."

Jana Zuwena kanipigia. Mama yake kaanza kutembea, na yeye kaitwa usaili wa kazi huko Samail. Akasema, "Wanataka kujua nimefanya nini. Nimewambia wakuulize wewe. Jina langu si limo?"

Nikamjibu, "Limo." Na kweli limo, mpaka saa hii.

Mama ananiambia nimsikilize mkubwa wangu, kazi hazipatikani, baba kastaafu na wadogo zangu wanasoma. Namwelewa. Lakini kila nikikaa mbele ya kompyuta nakwama. Ile amri ya kubadilisha majina nimeiandika, nikaifuta, nikaiandika tena, sijaibonyeza.

Nyie mliowahi kubanwa hivi kazini, nambieni. Nimkatalie mudiri, au nibonyeze kisha nimpigie Zuwena nimwambie mwenyewe? Nishaurini jamani, Jumapili i mlangoni na mie sijui niseme nini.